Maji Yapitayo Kati ya Miili Miwili ya Mashua

Wakazi wa Kibera na Kawangware, katika jiji la Nairobi, wanaijua sana tabia ya maji yaliyobanwa. Inyeshapo mvua kubwa, maji ya mtaro mpana huenda polepole. Lakini yafikapo mahali ambapo kuta za nyumba mbili zimekaribiana, huenda mbio na kuichimba ardhi ya pande zote mbili. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni upana wa njia. Tabia hiyo hiyo hutawala jambo moja la ufundi wa vyombo ambalo watu wachache hulifikiri, nalo ni mwenendo wa maji yapitayo kati ya miili miwili ya katamarani.

Katamarani ni chombo chenye miili miwili myembamba, iliyowekwa sambamba na kuunganishwa kwa sitaha juu yake. Jina hilo lilitoka katika lugha ya Kitamil ya India ya kusini, na maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja. Watu wa pwani yetu wanayo ngalawa, ambayo ni ndugu yake wa mbali: mtumbwi mmoja wenye mbao zinazoelea upande wa kulia na wa kushoto ili usipinduke. Siku hizi wasafiri wa Dar es Salaam na Unguja huvuka kwa boti za Kilimanjaro za kampuni ya Azam Marine, nazo ni katamarani zilizojengwa Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, nchi ya Australia.

Huenda msomaji akauliza, habari hizi zinamhusu nini mtu wa Kibera, ambaye bahari iko mbali naye kwa kilomita zaidi ya 400? Zinamhusu kwa sababu ya Bwawa la Nairobi. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953 katika njia ya Mto Motoine, mpakani mwa Kibera, ili liwe akiba ya maji ya mji. Eneo lake lilikuwa kama hekta 35, na kwa miaka mingi mashua za tanga zilishindana humo. Baadaye matope, maji machafu na takataka viliingia, na kufikia mwanzo wa karne hii magugu maji yalikuwa yamelifunika kwa sehemu kubwa. Maji yake hutoka kwa jina la Mto Ngong, ambao huungana mashariki ya jiji na Mto Nairobi, ule upitao katika bonde la Kawangware. Basi uchafu wa mitaa hii miwili, ijapokuwa hushika njia mbalimbali, mwisho wake hukutana.

Kazi ya kusafisha maji ya namna hiyo huhitaji vyombo. Katika nchi nyingi vyombo vya kukusanya takataka na magugu hujengwa kwa miili miwili, na katikati huwekwa mkanda wa wavu unaopandisha uchafu sitahani. Kadhalika, fundi anayetaka kutengeneza chelezo cha mapipa huyapanga kwa safu mbili. Wote hao hukutana na swali moja: nafasi kati ya miili miwili iwe ya kadiri gani?

UKINZANI WA MAJI

Ili kulijibu swali hilo, yafaa kwanza kujua kinachokizuia chombo kisiende mbio. Nguvu ya maji ya kukizuia chombo huitwa ukinzani, nayo ina sehemu kubwa mbili.

Sehemu ya kwanza ni msuguano. Maji yanayogusa ubao au bati hushikamana nalo kidogo, na chombo hulazimika kuyakokota. Kadiri eneo linalogusa maji linavyozidi, ndivyo msuguano unavyozidi. Hapo katamarani ina hasara tangu mwanzo, kwa sababu miili miwili kwa kawaida huwa na eneo kubwa zaidi ndani ya maji kuliko mwili mmoja uchukuao mzigo ule ule. Ndiyo sababu katamarani iendayo polepole haina faida ya mwendo juu ya mashua ya kawaida. Faida yake wakati huo ni sitaha pana na kutopinduka upesi.

Sehemu ya pili ni mawimbi. Chombo kiendapo huyainua maji kwenye omo na kuyaacha yakipanda na kushuka hata nyuma ya tezi. Kuyainua maji ni kazi, na kazi hiyo hulipwa kwa nguvu za mpiga kasia au kwa mafuta ya injini. Mwili mwembamba na mrefu hufanya mawimbi madogo kuliko mwili mpana, na hapo ndipo katamarani hurudisha ilichopoteza kwa msuguano.

Mhandisi Mwingereza William Froude ndiye aliyeliweka jambo hili katika hesabu. Mwaka 1872, katika birika refu alilolijenga Torquay, alianza kuburuta mifano midogo ya meli na kupima nguvu iliyohitajika. Alionyesha kwamba chombo kidogo na chombo kikubwa cha umbo moja hufanya mawimbi ya umbo moja ikiwa mwendo wao unalingana na kipeuo cha pili cha urefu wao. Hesabu yenyewe ni hivi: chukua urefu wa chombo kwa mita, uzidishe kwa 9.8, utafute kipeuo chake cha pili, kisha uugawe mwendo kwa hesabu hiyo. Jibu huitwa namba ya Froude. Chombo chenye urefu wa mita 36 kikienda mita 9.4 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 34 kwa saa, namba yake ni 0.5.

Hayo yote ni ya mwili mmoja. Iwekwapo miili miwili bega kwa bega, ukinzani wa chombo kizima si jumla tu ya ukinzani wa kila mwili ukiwa peke yake. Maji yaliyo katikati hubadilisha hesabu kwa njia mbili.

MAJI YANAPOBANWA

Njia ya kwanza ni ile ya mtaro wa Kibera. Kila mwili ni mwembamba omoni, huwa mpana katikati, kisha hupungua tena kuelekea tezi. Basi maji yanayoingia kati ya miili miwili huikuta njia ikizidi kuwa nyembamba. Tuseme njia ina upana wa mita 4 mbele, na katikati ya chombo imebaki mita 3. Kama maji yasingekuwa na njia nyingine, mwendo wake ungezidi kwa theluthi moja. Msuguano nao hukua karibu kwa mraba wa mwendo, hata upande wa ndani wa kila mwili ungesuguliwa kwa nguvu inayokaribia mara moja na robo tatu ya ile ya mwanzo. Kwa kweli haifiki hivyo, kwa kuwa sehemu ya maji hupenya chini ya mkuku na kutoka nje. Lakini hasara ipo.

Tena, maji yaendayo mbio husukuma kuta zake kwa nguvu kidogo kuliko maji yaendayo polepole. Jambo hilo lilielezwa na Daniel Bernoulli katika kitabu chake cha mwaka 1738. Kwa hiyo maji ya nje huisukuma miili miwili kuelekeana, kana kwamba inavutwa na kamba isiyoonekana. Mfano wake mashuhuri ulitokea tarehe 20 Septemba 1911, karibu na kisiwa cha Wight huko Uingereza, wakati meli kubwa ya abiria Olympic na manowari Hawke zilipokuwa zikienda sambamba. Manowari iligeuka ghafula ikaigonga meli ya abiria ubavuni, na mahakama ikaamua kwamba ilivutwa na mwendo wa maji ya meli ile kubwa.

Katika katamarani miili haiwezi kugongana kwa kuwa imefungwa pamoja, lakini boriti zinazoiunganisha hubeba mvuto huo kila wakati, pamoja na uzito wa sitaha na mapigo ya mawimbi. Aidha, kwa kuwa msukumo wa maji ya ndani na wa maji ya nje si sawa, maji hupita kwa mshazari chini ya mkuku na kufanya vizingia. Vizingia hivyo navyo ni nguvu iliyotumika bure.

MAWIMBI YANAPOKUTANA

Njia ya pili ni ya mawimbi, nayo kwa vyombo vya mbio ndiyo iliyo kubwa zaidi. Kila omo hutoa mawimbi yanayosambaa pande mbili kwa umbo la mkia wa mbayuwayu. Wimbi la ndani la mwili wa kulia hukutana katikati na wimbi la ndani la mwili wa kushoto. Mgongo wa wimbi ukiangukia mgongo wa lingine, maji hupanda juu zaidi. Mgongo ukiangukia bonde, mawimbi hayo mawili huuana.

Hapa ipo hesabu moja inayofaa kukumbukwa. Nguvu iliyomo katika wimbi hukua kwa mraba wa kimo chake. Mawimbi mawili yaliyo mbalimbali, kila moja likiwa na fungu moja la nguvu, yana mafungu mawili. Yakiungana mgongo kwa mgongo yakawa wimbi moja lenye kimo maradufu, lina mafungu manne. Mafungu mawili yaliyozidi hayakutoka mbinguni. Yalitolewa na injini. Na pale mawimbi yanapouana, injini hupumzika kwa kadiri ile ile. Kati ya miili halisi mambo hayo mawili huchanganyika, mahali pengine faida na mahali pengine hasara, na kazi ya mjenzi ni kupunguza hasara.

Katika maji yenye kina kirefu, mawimbi ya chombo cha mwendo wa kadiri hubaki ndani ya pembe ya digrii 19 na nusu kila upande. Kwa pembe hiyo, wimbi la ndani huufikia mwili wa pili likiwa limerudi nyuma kwa umbali wa karibu mara 2.8 ya nafasi iliyo kati ya miili. Miili ikiwa mita 9 mbali, katikati hata katikati, wimbi litaupiga mwili wa pili kama mita 25 nyuma ya omo. Kwa chombo cha mita 36 hapo ni ubavuni bado. Lakini miili ikiwa mita 13 mbali, wimbi hupita nyuma ya tezi bila kuugusa. Ndiyo maana nafasi pana hupunguza ugomvi wa mawimbi.

MWENDO NDIO HAKIMU

Mwaka 1992 Insel na Molland, wa Chuo Kikuu cha Southampton, walitangaza matokeo ya majaribio ya katamarani nyembamba. Waliiweka miili kwa nafasi za sehemu 2, 3, 4 na 5 katika kila sehemu 10 za urefu, wakapima kila moja kwa mwendo mbalimbali. Ilionekana kwamba hasara kubwa ya mawimbi huja karibu na namba ya Froude ya 0.5, na kwamba nafasi ikizidishwa hasara hupungua. Mwendo ukizidi sana, mawimbi ya ndani hukutana nyuma mno, na athari yake hufifia.

Sababu ya namba 0.5 kuwa mbaya yaeleweka. Kwa namba ya 0.4, urefu wa wimbi ni sawa na urefu wa chombo. Kwa 0.5, wimbi limekuwa refu zaidi ya mara moja na nusu ya chombo, tezi huzama bondeni na omo huinuka. Chombo huwa kama mtu anayepanda kilima anachokijenga yeye mwenyewe. Boti ya mbio haina budi kukivuka kilima hicho; ile ya mita 36, ikifika kilomita 55 kwa saa, namba yake ni 0.81, na kilima kimebaki nyuma.

Basi nahodha anayekaa katika mwendo wa kilimani hulipa mafuta mengi kwa safari fupi. Ukinzani ukizidi kwa sehemu moja katika kumi, mafuta nayo huzidi kwa karibu kadiri hiyo. Injini iliyokuwa ikitumia lita 300 kwa saa itataka karibu lita 330, na gharama hiyo mwishowe huingia katika nauli ya abiria.

Hata hivyo nafasi pana si dawa ya kila kitu. Boriti ndefu hutaka chuma kingi au alumini nyingi, uzito huzidi, na chombo kizito huzama zaidi na kupata ukinzani zaidi. Gati nyingi pia hazina upana wa kutosha. Mjenzi huchagua kati ya hasara mbili.

CHOMBO CHA BWAWA SI BOTI YA BAHARI

Sasa na tulirudie Bwawa la Nairobi. Chombo cha kukusanya magugu, chenye urefu wa mita 6, kikienda mita 1 kwa sekunde, namba yake ya Froude ni 0.13 tu. Kwa mwendo huo mawimbi ni kidogo mno, wala hakuna haja ya kuitanua miili kwa kuyaogopa. Mtu atakayeiga picha ya boti ya Unguja atakuwa ametibu ugonjwa asiokuwa nao.

Ugonjwa wa chombo cha bwawani ni mwingine, nao ni kubanwa. Bwawa lililojaa matope halina kina. Mkuku ukikaribia matope, maji yaliyo kati ya miili hukosa njia ya kupenya chini, na kule kubanwa kulikoelezwa hapo juu huzidi. Magugu yakiingia katikati yakashikana, njia huzibika kabisa, na miili miwili huwa kama mwili mmoja mpana wenye omo butu, unaosukuma maji mbele yake. Kwa sababu hiyo nafasi iwe pana ya kutosha mzigo wa magugu kupita hata kwenye mkanda, na miili isizame sana. Mkanda ukifanya kazi vema, maji yaingiayo kati ya miili hugeuka kuwa mtumishi: huyavuta magugu na chupa za plastiki kuelekea wavuni.

Mfano wa mapipa waweza kuonyesha hesabu. Pipa la lita 200 likizama nusu hubeba kilo 100 pamoja na uzito wake mwenyewe. Mapipa 8, manne kila upande, hubeba kilo 800, humo mkiwa uzito wa mapipa, mbao, watu na mzigo. Yakizama zaidi ya nusu, usalama hupungua na ukinzani huzidi. Pia uso bapa wa pipa la mbele huyapiga maji kama kofi. Kuuvika pua ya bati iliyochongoka kutaleta nafuu kabla ya jambo lingine lolote.

Mafundi wa jua kali wa Kawangware na Kibera wanajua kuchomelea kwa ustadi, lakini kilichochomelewa hakisogei. Katika chombo cha kwanza ni afadhali boriti zifungwe kwa bolti, zikiwa na matundu matatu au manne, ili nafasi ya miili iweze kubadilishwa. Chombo kivutwe kwa kamba iliyofungwa mizani ya ndoano, kama ile ya kupimia magunia, kwa mwendo ule ule na mzigo ule ule, na hesabu ya mizani iandikwe kwa kila nafasi. Nafasi yenye hesabu ndogo, ambayo pia hupitisha magugu bila kuziba, ndiyo ya kuchomelewa. Kazi hiyo ifanyike kwa ruhusa ya wenye mamlaka, na kila aingiaye chomboni avae jaketi la kuokolea, kwani maji ya bwawa ni machafu na matope yake hayana msingi wa kusimamia.

JARIBIO LA NYUMBANI

Wanafunzi wasio na mashua waweza kuyaona mambo haya kwa macho. Vishikwe vipande viwili vya karatasi vikining'inia sambamba, nafasi kati yake ikiwa sentimita 5, kisha mtu apulize katikati. Wengi hudhani vitatengana. Lakini vitakaribiana, kwa kuwa hewa iendayo mbio katikati husukuma kidogo kuliko hewa iliyotulia nje.

Kwa jaribio la mawimbi, karai lijazwe maji, na vidole viwili vigonge uso wa maji kwa pamoja, mara kwa mara. Mahali pengine maji yataruka juu zaidi, na mahali pengine yatatulia. Vidole vikisogezwa mbali au karibu, mahali hapo hubadilika. Maji hayapotei kwa jaribio hili. Yaweza kurudishwa ndooni yatumike kwa kazi nyingine, jambo ambalo si dogo kwa watu wanunuao maji kwa mtungi wa lita 20.

Funzo la mambo haya ni moja. Nafasi iliyo kati ya miili miwili ya mashua yaonekana kuwa tupu, kumbe ni mfereji wenye sheria zake. Katika bahari, kwa mwendo wa mbio, mfereji huo hutawaliwa na mawimbi. Katika bwawa la matope hutawaliwa na kubanwa. Anayetaka chombo kisichokula mafuta bure na kisichomchosha mpiga kasia aupime mfereji huo kwanza, kwa mwendo wa chombo chake na kwa maji yake, kabla ya kukata chuma.